Je, Tumshukuru Mdudu?

Liko swali ambalo huulizwa mara nyingi katika nyumba za Wakristu, hata pale lisipotamkwa kwa maneno. Mtu akidhulumiwa, akaumizwa, kisha baada ya maumivu yale akawa mpole zaidi, mwenye hekima na imani kuliko alivyokuwa kwanza, je, maumivu yale yalikuwa mema? Na yule aliyemwumiza, je, astahili shukrani? Wengi hujibu upesi: “Ndiyo, maana bila shida ile asingekuwa hivi alivyo.” Jibu hilo hutolewa matangani; hutolewa na wazee wanaposuluhisha ugomvi wa ndoa; hutolewa na mabwana wa kazi kwa vijana wanaolalamikia ujira wao. Juma hili twataka kulipima jibu hilo, na kipimo chetu kitakuwa kitu kidogo kijulikanacho katika kila nyumba, yaani kikombe cha chai.

Hatusemi chai ile tuliyoizoea, ambayo huitiwa maziwa na vijiko viwili vitatu vya sukari. Twasema chai ya kisiwa cha Taiwan, upande wa mashariki, mahali paitwapo Ruisui katika wilaya ya Hualien. Huko, katika bonde lililo kati ya milima mirefu ya katikati ya kisiwa na safu nyingine ya milima iliyo kando ya bahari, hutengenezwa chai ambayo wenyeji huiita chai nyekundu yenye harufu ya asali. Wao huiita nyekundu chai ile ile ambayo sisi twaiita nyeusi, kwa kuwa wao hutazama rangi ya maji yake, na wengine hutazama rangi ya majani yake makavu.

Chai hiyo tumeionja. Waonjaji wa chai wana kanuni yao: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, nayo huachwa kwa muda wa dakika 6. Kisha huinywa kwa kuifyonza kwa sauti, jambo ambalo mama zetu wangelikataza mezani, ili hewa ichukue harufu na kuifikisha puani. Aionjaye chai ya Ruisui kwa namna hiyo hukuta maji mekundu yenye kung’aa, yasiyo na uchungu wa kukereketa. Na akiisha kumeza, harufu ya asali na ya matunda yaliyoiva hubaki kinywani kwa muda mrefu. Atatazama birika kwa shaka, akiuliza ni nani aliyetia asali. Hakuna aliyetia. Katika maji yale hamna sukari ya kutosha hata ulimi uitambue. Ni pua inayoushawishi ulimi uone utamu.

Basi utamu huo watoka wapi? Watu husema watoka kwa mdudu. Nasi na tueleze kwanza kazi ya mdudu huyo, kabla ya kumpa sifa.

Katika miezi ya joto, hasa Juni na Julai, mashamba ya chai ya Taiwan huvamiwa na mdudu wa kijani, urefu wake kama milimeta 3, arukaye kutoka jani hadi jani. Huyatoboa machipukizi yaliyo machanga na kuyafyonza maji yake. Jani lililoumwa hudumaa, huwa manjano, hujikunja kingoni. Mkulima mwingine angekimbilia dawa ya kuua wadudu. Mkulima wa chai hii hatii dawa hiyo, naye hukubali kwamba mavuno yake yatapungua. Maana ndani ya jani lililoumwa pana badiliko: mti wenyewe huanza kutengeneza kwa wingi vitu vyenye harufu ambavyo hapo kwanza vilikuwa haba. Majani hayo yakichumwa, yakanyaushwa, yakaviringishwa mpaka utomvu wake utoke, yakaachwa hewani mpaka yageuke rangi, kisha yakakaushwa kwa moto, harufu ile huwa kama ya asali.

Hapa mhubiri mwenye haraka ataruka na kusema: “Mmeona! Jani lisingeumwa lisingekuwa tamu. Basi nanyi pokeeni kuumwa kwenu, wala msinung’unike.” Mahubiri haya si uongo mtupu. Wakristu tumekombolewa kwa Msalaba, na asiyetaka kusikia kwamba mateso yaweza kuzaa matunda hajaanza kumjua Kristu. Walakini neno lililo karibu na ukweli ndilo lipotoshalo zaidi. Tulitazame jani lile kwa makini, nalo litatufundisha mambo matatu ambayo mhubiri wetu ameyaruka.

La kwanza: kuumwa si utamu. Mdudu yule ana jamaa zake hapa Afrika, nao huruka katika mahindi yetu, wakiyaambukiza ugonjwa unaochora milia ya manjano majanini. Wakulima wa mahindi wanamjua. Kuumwa ni kule kule, kufyonzwa ni kule kule, lakini hakuna mkulima aliyewahi kukuta asali katika hindi lenye milia, amekuta njaa. Hata huko Taiwan, wadudu wakizidi kiasi, majani hukauka tu na kufa, wala hapatikani mtu wa kuyaonja. Mtakatifu Augustino, na baada yake Mtakatifu Tomaso wa Akwino, walifundisha kwamba ubaya si kitu chenye kusimama peke yake, bali ni kukosekana kwa wema uliopaswa kuwapo, kama upofu ulivyo kukosekana kwa kuona. Kitu kilicho upungufu hakiwezi kuzaa utajiri. Mungu aweza kutoa jema mahali palipotendwa ubaya, lakini hulitoa kwa uwezo wake mwenyewe, si kwa uwezo wa ubaya ule.

Wahenga wetu walilijua hilo. Walisema kwamba baada ya dhiki ni faraja. Hawakusema kwamba dhiki ndiyo faraja. Walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. Hawakumsifu mtu aliyemzuia mwenzake asile. Methali hizi zilitungwa ili kumtia moyo anayeteseka, wala hazikutungwa ili kumpa utulivu anayetesa.

La pili: harufu ile ni kilio. Elimu ya mimea imegundua kwamba mimea mingi, ikiisha kuumwa na wadudu, hutoa harufu zinazowavuta maadui wa wadudu hao waje wawale. Mti hauna miguu ya kukimbia, wala mikono ya kujipigia; basi huita kwa harufu. Lile ambalo sisi twaliona tamu puani ni kazi ya mti unaojitetea. Jani lililokubali kuumwa bila kujibu cho chote lisingekuwa na harufu yo yote. Na tuyafikiri maneno hayo, sisi tuliozoea kuusifu uvumilivu kana kwamba ni kunyamaza. Mtakatifu Yakobo, katika barua yake, awaambia matajiri kwamba ujira wa wavunaji walioudhulumu unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Hakuwaambia wavunaji wanyamaze ili wawe watamu. Na Bwana Wetu mwenyewe, aliyefundisha kugeuza shavu la pili, alipopigwa kofi mbele ya Kuhani Mkuu alimwuliza yule mtumishi sababu ya kumpiga. Hakulipiza, lakini aliuliza. Uvumilivu wa Kikristu hukataa kisasi. Haukatai kusema kweli.

La tatu: pasipo mikono ya watu, jani lililoumwa ni takataka. Katika kisiwa hicho hicho, upande wa kaskazini, katika wilaya za Hsinchu na Miaoli, iko chai nyingine ya kuumwa na mdudu yule yule. Husimuliwa kwamba zamani mkulima mmoja hakutaka kuyatupa majani yake yaliyoharibiwa. Akayatengeneza kwa uangalifu, akaenda kuyauza mjini, akapata bei kubwa mno. Aliporudi na kuwaambia majirani, wakasema anajigamba. Na hata leo chai ile yaitwa kwa lugha yao chai ya majigambo. Hadithi au historia, fundisho lake ni moja. Mdudu aliuma mashamba ya wote. Utamu ulionekana mahali palipokuwa na mtu asiyelitupa lililoharibiwa. Aliyachuma kwa mkono, akayanyausha, akayageuza kwa saa nyingi. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwenye mateso naye ni hivyo: akiachwa peke yake, mara nyingi huvunjika. Akipata mtu wa kumsikiliza, wa kumtetea, wa kukaa naye usiku wa homa, ndipo maumivu yake yaweza kugeuka. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya mateso ya mwanadamu, alieleza kwamba Kristu ametufundisha mambo mawili kwa pamoja: kutenda mema kwa mateso yetu, na kumtendea mema yule ateswaye. Anayehubiri la kwanza na kusahau la pili amehubiri nusu ya Injili.

Wilaya ya Hualien yenyewe ina ushuhuda wake. Baada ya Wakomunisti kutwaa utawala wa China mwaka 1949, wamisionari wengi walifukuzwa nchini humo. Baadhi ya mapadre wa Shirika la Misioni za Kigeni la Paris walifika Hualien, pakafanywa Prefektura mwaka 1952, na Jimbo mwaka 1963. Na wenyeji wengi wa makabila ya asili, pamoja na Waamis, wakapokea ubatizo. Twamshukuru Mungu kwa mavuno hayo. Lakini ni nani awezaye kusema kwamba waliowafunga na kuwafukuza mapadre wale walifanya kazi ya Kanisa? Yosefu aliwaambia ndugu zake kwamba Mungu aligeuza kuwa wema yale waliyoyakusudia kuwa mabaya. Aliwasamehe, lakini hakuliita jema lile kusudi lao. Katika neno moja aliwagawia wao lililo lao, na Mungu lililo lake.

Msomaji mwenye elimu ya dini atatupinga hapa kwa kututajia Mtakatifu Josephine Bakhita, na ni haki yake. Bakhita, mzaliwa wa Darfur katika Sudan, alitekwa na wafanya biashara ya watumwa akiwa mtoto. Aliuzwa na kuuzwa tena. Mwili wake ulichanjwa kwa wembe na kutiwa chumvi, akabaki na makovu zaidi ya 100. Alipelekwa Italia mwaka 1885. Baadaye, akiwa Sista wa Shirika la Wakanosa, alisema kwamba kama angekutana na watu wale waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa bila yaliyompata asingekuwa Mkristu wala mtawa. Je, huyu hakumshukuru mdudu?

Twajibu hivi. Kwanza, tazama ni nani anayesema. Kuonja hakutumwi mtu. Hakuna awezaye kuonja chai kwa ulimi wa jirani yake. Bakhita aliyaonja maisha yake mwenyewe, akayasema kwa kinywa chake mwenyewe, baada ya miaka mingi ya neema. Neno lile kinywani mwake ni msamaha mkubwa. Neno lile lile kinywani mwa mteka watumwa lingekuwa ni kufuru. Na kinywani mwa mtazamaji aliyekaa kivulini, lingekuwa ni ukatili. Pili, tazama alivyotenda. Mwaka 1889 bibi aliyekuwa na amri juu yake alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita alikataa kutoka katika nyumba ya Masista huko Venezia. Shauri lilifika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Mtakatifu huyu mpole, ambaye angebusu mikono ya watesi, hakukubali kurudi mikononi mwao. Tatu, tazama Kanisa lilivyoamua. Lilimtangaza Bakhita kuwa Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Na tangu mwaka 2015 sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ni siku ya kusali ili biashara ya binadamu ikomeshwe. Matunda yametukuzwa, uovu umelaaniwa. Hakuna kupingana.

Lakini liko pingamizi lingine, zito kuliko hilo, nasi hatutalikwepa. Mkulima wa Ruisui anamwona mdudu, naye hamzuii. Anamwacha aume kwa ajili ya utamu atakaoupata. Je, Mungu naye hatufanyii vivyo hivyo? Na kama Mungu afanya hivyo, kwa nini baba asimwache mwanawe aumie, au bwana asimwache mfanyakazi wake ataabike, ili wakomae?

Hapa mfano wa chai wafika mwisho wake, nasi yatupasa kuuacha. Mtu si jani. Jani limeumbwa kwa ajili ya kikombe cha mwingine. Mtu ameumbwa kwa ajili ya Mungu, wala si kwa ajili ya kinywa cha mwenzake. Mkulima amepewa shamba la chai. Hakuna mwanadamu aliyepewa roho ya mwenzake kuwa shamba lake. Kwamba Mungu huruhusu jambo fulani si ruhusa kwetu ya kulitenda, wala ya kulitazama tu. Sisi tumepewa amri, na amri yenyewe ni kumpenda jirani. Msamaria wa Injili hakusimama kando ya njia akitafakari jinsi majeraha yatakavyomfaa yule mtu. Alishuka juu ya mnyama wake, akayafunga. Na kuhusu Mungu, twaamini jambo ambalo mkulima wa chai hawezi kulifanya kamwe. Mkulima hukaa nje ya mti, haumwi. Mungu wetu hakukaa nje. Alitwaa mwili katika tumbo la Bikira Maria, akaingia shambani, akaumwa kuliko wote. Hatujafumbuliwa fumbo lote la mateso. Lakini tumeonyeshwa kwamba anayeyaruhusu ameyabeba.

Basi tufanyeje? Enyi wazee na wasimamizi wa ndoa, mwanamke aliyepigwa akija mbele yenu, msimwambie kwamba ndoa zote zina majaribu na kwamba mvumilivu hula mbivu. Mwulizeni kwanza kama amepata mahali salama pa kulala usiku huu. Enyi wazazi, adhabu ya mtoto iwe na kiasi na upendo. Na mtoto akikua vema baada ya mapigo makali, msiyape mapigo yale sifa ambayo ni ya neema, na ya mama aliyemfariji, na ya mtoto mwenyewe aliyekataa kuwa mbaya. Enyi mlio na watumishi nyumbani, na ninyi wenye mashamba, mkumbuke kwamba Baba Mtakatifu Leo XIII alikwisha kufundisha mwaka 1891 kwamba mfanyakazi astahili ujira wa haki; wala shida yake isiitwe shule ya fadhila na yule anayeisababisha. Nasi wachungaji, katika mimbari na katika kitubio, tuna wajibu wa kupima maneno yetu kama mwonjaji apimavyo chai yake, gramu kwa gramu.

Na wewe unayeteswa, usisikie katika maneno haya kwamba mateso yako ni ya bure. Yaweza kuwa asali. Watakatifu wengi wameyaonja, wakashuhudia. Lakini utamu huo, ukija, utakuwa ni wa Mungu aliyekushika na ni wako wewe uliyejibu. Hautakuwa wa yule aliyekuuma. Mwombee, umsamehe kadiri ya neema uliyopewa. Hudaiwi shukrani naye. Tena, kabla ya asali yo yote, una haki ya kulia, una haki ya kuita, na sisi tulio karibu nawe tuna deni la kuja.